Mchujo wa Vyama Usichuje Nyumba Zetu



Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, juma hili nilikuwa nimekusudia kuendelea na mlango wa haki za jirani, lakini limenijia swali ambalo siwezi kuliweka kiporo. Aliyelileta ni mama mmoja wa upande wa Msambweni. Kwa stara yake sitataja mtaa wala mwaka, wala chama chochote kilichohusika. Yeye mwenyewe ameniruhusu kulieleza, akasema, "Maalim, liandike, huenda likamwokoa mwenzangu."

Alinijia baada ya swala ya alasiri akiwa na mwanawe mkubwa, akaketi barazani, na kwa muda akashindwa kuanza. Kisha akanisimulia. Katika uchaguzi mmoja uliopita, kaka yake wa tumbo moja aliomba tiketi ya chama ili agombee uwakilishi wa wadi. Kura ya mchujo ikapigwa, pakatokea vurugu, na tiketi akapewa mwingine. Kaka akasema amedhulumiwa, akasimama kama mgombea huru. Mume wa mama huyu alikuwa kiongozi wa tawi la chama kile kile. Akamwona mlamu wake kuwa msaliti. Usiku mmoja, akitoka mkutanoni na hasira zake, akamwambia mkewe kwa maneno ya wazi kwamba akimpigia kura kaka yake basi ameachika.

Na talaka mbili zilikuwa zimekwisha kupita baina yao.

Msomaji mwenye kuijua fikihi ameelewa uzito wa jambo hili. Talaka ya tatu haina kurejeana ndani ya eda. Ni kutengana kabisa, mpaka mke aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, kisha naye amwache au afariki. Mama yule alikuwa na watoto wanne. Siku ya kupiga kura alibaki nyumbani. "Sikumpigia kaka yangu, wala sikumpigia mwenzake," aliniambia. "Nilikaa jikoni nikapika muhogo wa nazi, na masikio yangu yako barabarani." Kaka akashindwa. Alipopata habari kwamba hata dadake hakutoka kumpigia kura, akakata mguu wake katika nyumba ile. Mama hakuweza kumweleza sababu, maana kueleza ni kumvunjia mumewe heshima. Akawa amepoteza kura, na amepoteza ndugu.

Haukupita muda mrefu, wakubwa wa siasa wakapatana huko juu. Mume na mlamu wake wakaonekana juu ya lori moja wakiimba wimbo mmoja. Hakuna aliyerudi nyumbani kumwambia mama yule, "Tusamehe." Na sasa kaka yake anataka kugombea tena. Swali lake likawa hili: "Maalim, lile sharti la talaka bado lipo?"

Kabla sijajibu, nataka tuangalie mambo mawili yaliyoifikisha nyumba ile hapo. La kwanza ni utiifu kwa chama. La pili ni yule tunayemwita mtu wa nje. Haya mawili yamezigawa nyumba nyingi katika kaunti yetu ya Kwale, kutoka Ukunda na Diani hadi Gazi, Ramisi na Vanga, na dalili zote ni kwamba yatatugawa tena tukielekea Agosti 2027 ikiwa hatukuzinduka.

Wazee watakumbuka mchujo wa KANU wa mwaka 1988, maarufu kwa jina la mlolongo. Nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria tangu 1982. Watu walipangwa mistari nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kushinda, hapakuwa na kura ya siri baada ya hapo. Mke alisimama mstari huu na mumewe akamtazama. Kijana alisimama mstari ule na mjomba wake akamtazama. Palikuwa na malalamiko mengi kwamba mistari mifupi ilitangazwa mirefu. Aliyenyimwa hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa nje ya chama hapakuwa na siasa. Chuki za mistari ile wengine wamezikwa nazo.

Mfumo wa vyama vingi ukarudi Desemba 1991, na wengi tukadhani maradhi yale yamepona. Lakini tazama mwaka 2002. Rais Daniel arap Moi alimtaja hadharani Uhuru Kenyatta kuwa ndiye atakayemrithi. Uhuru alikuwa ameshindwa kiti cha ubunge mwaka 1997, akaingia bungeni mwaka 2001 kwa kuteuliwa. Waliokitumikia chama miaka mingi, na wale waliojiunga nacho Machi mwaka ule ule chama cha NDP kilipoungana na KANU, walimwona mgeni aliyepandishwa juu ya vichwa vyao. Walisema mchujo hauna maana ikiwa jina limekwisha kuandikwa. Tarehe 14 Oktoba 2002 wajumbe wa KANU walikusanyika Kasarani kumwidhinisha Uhuru, na siku iyo hiyo upinzani ukakusanyika Uhuru Park, Raila Odinga akatamka maneno mawili yaliyoigeuza nchi: "Kibaki tosha." Desemba KANU ikaanguka baada ya kutawala tangu uhuru.

Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Septemba 2007, wajumbe wa ODM walikutana pale pale Kasarani kumchagua mgombea wao wa urais. Sisi watu wa Pwani tulikuwa na jicho letu huko, kwa kuwa Najib Balala alikuwa miongoni mwa waliotaka tiketi. Yeye na Joseph Nyagah wakamwachia Raila. Raila akapata kura 2,656, Musalia Mudavadi 391 na William Ruto 368. Walioshindwa walishikana mikono na mshindi, wakazunguka nchi pamoja naye. Kalonzo Musyoka alikuwa amekwisha kujitenga na upande wake wa ODM-Kenya. Basi kulikuwa na waliobaki na walioondoka, na kila upande ukauita mwenendo wake uaminifu.

Sasa tazama yaliyofuata. Kufikia uchaguzi wa 2013, Mudavadi alikuwa na safari yake ya urais, Ruto na Balala wakawa upande wa Jubilee, na Raila akiwapinga wote. Tarehe 9 Machi 2018 Raila na Uhuru wakapeana mikono. Tarehe 7 Machi 2025 Raila na Rais Ruto wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Na tangu Raila alipofariki Oktoba 2025, ndani ya ODM wako wanaotaka chama kisimamishe mgombea wake wa urais mwaka 2027, na wako wanaotaka kiendelee kuwa pamoja na Rais Ruto. Kila kundi linaliita jingine wasaliti. Sisemi nani ana haki. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wakubwa hawa aliyemwacha mkewe kwa ajili ya mabadiliko haya. Talaka tunatoa sisi.

Tuje nyumbani. Machi 2020 alifariki mbunge wetu wa Msambweni, Suleiman Dori, Mwenyezi Mungu amrehemu. Uchaguzi mdogo ukapigwa tarehe 15 Desemba 2020. ODM ilimsimamisha Omar Boga. Jubilee, kwa sababu ya maelewano ya wakati ule, haikusimamisha mtu. Feisal Abdallah Bader akasimama kama mgombea huru, akiungwa mkono na William Ruto, aliyekuwa Naibu wa Rais, na Gavana Salim Mvurya. Wageni wakubwa kutoka Nairobi na Mombasa walifurika vijijini mwetu. Ikawa si uchaguzi wa Msambweni tena, bali mazoezi ya kinyang'anyiro cha urais cha 2022, na sisi ndio tuliokuwa uwanja. Feisal alishinda kwa kura 15,251 dhidi ya 10,444 za Boga. Mwaka 2022 akarudi bungeni, safari hiyo kwa tiketi ya UDA. Aliyekuwa nje ya vyama sasa ana chama, na hilo si dhambi. Wala Gavana Mvurya hakufanya jambo geni alipochaguliwa kwa tiketi ya ODM mwaka 2013 na kwa tiketi ya Jubilee mwaka 2017. Katiba yetu, kifungu cha 38, imempa kila raia uhuru wa kuchagua njia yake ya kisiasa. Kifungu cha 85 kimemruhusu mtu kusimama bila chama, ilimradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.

Je, Uislamu unasemaje juu ya utiifu huu?

Kwanza, tusiudharau. Qur'ani Tukufu, mwanzoni mwa Suratul Maida, imewaamrisha walioamini kutimiza ahadi. Mtu aliyejiunga na chama kwa hiari yake, akaweka saini kwamba atayakubali matokeo ya mchujo, hana ruhusa ya kuigeuza ahadi ile kuwa karatasi ya kufungia karanga kwa sababu tu ameshindwa. Ikiwa mchujo ulikuwa wa haki na yeye akapata kura chache, uungwana ni kumpa mwenzake mkono. Wengi wanaojiita wagombea huru hawakudhulumiwa na yeyote. Walishindwa, na nafsi zao zikakataa.

Lakini ahadi ni ya pande mbili. Chama kilichoahidi mchujo wa haki kisha kikayaficha masanduku, au kikauza tiketi usiku, ndicho kilichotangulia kuvunja mkataba. Mtume (SAW) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa. Masahaba walipouliza vipi watamsaidia dhalimu, akawaeleza kwamba kumsaidia ni kumzuia na dhuluma yake. Basi mwanachama mwaminifu kuliko wote ni yule anayesimama ndani ya tawi lake na kusema, "Hili tulilofanya si haki." Huyo si msaliti. Msaliti ni anayejua na akanyamaza kwa kuwa amepewa shati na kofia.

Na iko hadithi nyingine inayopaswa kututia hofu. Miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama ni mtu aliyempa kiongozi kiapo cha utiifu kwa ajili ya dunia tu. Akipewa anatimiza, asipopewa havunji moyo kuvunja kiapo. Tujiulize kwa haki, ndugu zangu: ni wangapi kati yetu ambao utiifu wao kwa chama ungebaki siku moja ikiwa bahasha zingekoma?

Nami sijiweki pembeni. Katika msimu mmoja wa kampeni nilikubali kupanda jukwaani kumwombea dua mgombea mmoja, na jioni ile nikapokea pesa za bati za madrasa. Nilijiambia ni za watoto. Lakini Ijumaa iliyofuata nilipopanda mimbari nilikuwa na neno la kusema juu ya hongo, na ulimi wangu ukawa mzito. Nilisoma hotuba nyingine. Bati zile ziko mpaka leo, na kila mvua inaponyesha juu yake naukumbuka uzito ule wa ulimi. Ninalieleza hili kwa sababu siwezi kuwakemea waume waliofungwa midomo na vyama ilhali mimi nimewahi kufungwa wangu.

Sasa la pili, mtu wa nje.

Kwetu Pwani neno hili lina maana mbili, na wanasiasa huzichanganya kwa makusudi. Kuna wa nje ya chama, kama mgombea huru. Na kuna wa nje ya mahali, yule tunayemwambia, "Kwenu si hapa." Maana hii ya pili imetugharimu damu. Agosti 1997 machafuko yalianzia Likoni yakaingia Kwale, watu wa bara wakafukuzwa majumbani mwao, zaidi ya watu 100 wakauawa na maelfu wakahama. Uchaguzi ulikuwa miezi minne mbele. Uchumi wa hoteli za Diani uliporomoka, na vijana wetu wenyewe wakakosa kazi kwa miaka. Aliyefukuzwa aliumia, na aliyefukuza akalala njaa.

Lakini nani mgeni na nani mwenyeji? Ndugu zetu Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Waliishi Kwale kizazi baada ya kizazi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na wakatambuliwa kuwa raia. Mwaka 2023 wakafuata ndugu zetu Wapemba, wavuvi tunaowajua tangu utotoni, ambao samaki wao tumewala kabla hawajaruhusiwa kupiga kura. Waliokuwa wageni jana leo wamo katika daftari la wapiga kura, na wana haki ya kuombwa kura kwa adabu.

Qur'ani inatupa mizani katika jambo hili, na inapendeza kwamba mizani moja imewekwa katika kinywa cha mwanamke. Nabii Musa (AS) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana nyumba wala mlezi. Aliwaona wasichana wawili wamezuia wanyama wao pembeni, wakiwangoja wachungaji wamalize. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini. Mmoja wa wasichana wale akamshauri baba yake amwajiri mgeni yule. Hakutaja kabila lake wala chama chake. Alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Alikwisha kumwona na zote mbili pale kisimani.

Na Nabii Yusuf (AS) alikuwa mgeni Misri, tena aliyeuzwa, tena aliyetoka gerezani. Alipoomba asimamie hazina za nchi alitaja kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Nchi ile ikaokoka na njaa kwa mikono ya mtu wa nje. Kama Misri ingekuwa na mawazo ya baadhi ya mabaraza yetu, ingekufa njaa pamoja na wenyeji wake wote.

Simaanishi kwamba kila mtu wa nje ni Yusuf. Wako wanaokuja hawajui hata njia ya kisimani. Wanatokea msimu wa kura na kutoweka na msimu wake. Wako pia wanaojiita "huru" ilhali nyuma yao yuko mkubwa anayelipa mafuta ya magari. Aliye huru na chama si lazima awe huru na tajiri. Ndiyo maana mizani ya binti wa Madyan inatufaa sote: huyu ana uwezo gani, na nimeuona wapi uaminifu wake? Muulize aliyewahi kuwa mweka hazina wa msikiti. Muulize aliyesimamia pesa za basari. Chombo cha kumpima mtu ni kazi aliyokwisha kuifanya, wala si rangi ya shati lake.

Na kwa mama zangu na dada zangu nasema hivi. Mwaka 2022 kaunti hii ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Pwani yote. Wako waliofurahi na wako waliopinga, na kila mmoja ana maoni yake juu ya kazi yake. Lakini baada ya hilo hakuna mume wa Kwale anayeweza kusema kwamba siasa si jambo la wanawake. Kura ni ushahidi, na shahidi huulizwa yeye mwenyewe mbele ya Mola wake. Suratun Nisaa imetutaka tusimamie haki tukitoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kwa hiyo mke hana wajibu wa kumpigia kaka yake kwa kuwa ni kaka, wala kumpigia wa mumewe kwa kuwa ni wa mumewe. Mume ana haki nyingi juu ya mkewe, lakini ushahidi wa mkewe si milki yake. Sheria ya nchi nayo imeifanya kura kuwa siri, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inahesabu kumtisha mpiga kura kuwa ni kosa.

Sasa nirudi kwa mama wa Msambweni.

Talaka ya sharti si mchezo. Mtume (SAW) ametuonya kwamba yako mambo matatu ambayo hata mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli: ndoa, talaka na kumrejea mke. Katika madhehebu yetu ya Shafii, na kwa wanazuoni walio wengi, mume akiifunga talaka na jambo fulani kwa matamshi ya wazi, kisha mke akalifanya jambo lile kwa kujua na kwa hiari, talaka inapita. Mume hawezi kulifuta sharti kwa kusema amebadili mawazo. Wako wanazuoni wengine, akiwemo Ibn Taymiyya, walioona kwamba ikiwa kusudi la mume lilikuwa kuzuia tu na si kuacha, basi ni kiapo chenye kafara. Khitilafu hii ni ya wanachuoni, na hukumu yake ni ya Kadhi. Mtu asichague kauli barazani kwa kufuata matamanio yake.

Jambo moja lilihitaji kujulikana: sharti lile lilihusu uchaguzi gani? Nikamwomba mama anitumie mumewe. Alikuja siku ya tatu, akaketi pale pale alipoketi mkewe. Nikamuuliza alitamka nini hasa. Akanitajia. Nikamuuliza alikusudia kura ile moja, au kila kura ambayo mlamu wake atasimama mpaka mwisho wa maisha? Alinyamaza, kisha akasema, "Wallahi Maalim, nilikusudia ile ile tu. Nilikuwa nimesahau hata kwamba nilisema." Nikamwambia, "Bwana, wewe umesahau. Mwenzako amelala na neno lile kila usiku."

Tukaenda kwa Kadhi. Akawasikiliza wote wawili, akamwapisha mume juu ya nia yake, akaona kwamba sharti lilifungika katika uchaguzi ule uliokwisha kupita. Ndoa imesalimika. Baada ya hapo mume alikwenda mwenyewe kwa mlamu wake, akamweleza kwa nini dadake hakutoka siku ile. Nimeambiwa kaka alilia. Wakati wote ule alikuwa amemchukia dada aliyekuwa akiilinda nyumba yake.

Ndugu zangu, msimu wa mchujo hauko mbali. Enyi waume, neno talaka lisitoke kinywani kwa sababu ya siasa, hata kwa utani, hata kwa hasira. Ukihisi linakuja, toka nje, tawadha, keti. Enyi wake, mume akikutamkia neno kama hilo usilifiche moyoni ukajihukumu peke yako. Lichukue upesi kwa mtu mwenye elimu, na kisha kwa Kadhi, likiwa na maneno yake yale yale. Enyi wazazi, msiwatume watoto kubeba mabango wala kuimba nyimbo za kumtukana jirani, kwa kuwa wimbo unabaki kichwani mwa mtoto hata baada ya wakubwa kupatana. Na ndugu wawili wakiwa vyama viwili, wakubaliane mapema kwamba harusi, maziko na mkono wa Idi havina chama. Sisi maimamu nasi tuwaombee wagombea wote kwa pamoja, au tusimwombee yeyote jukwaani. Na pesa za bati tuzichange wenyewe, hata ikituchukua miaka.

Juma lililopita nilimkuta mama yule njiani akitoka sokoni. Nilimuuliza, "Safari hii utampigia nani?" Akacheka, akasema, "Maalim, hiyo ni siri yangu na Mola wangu." Nikamwambia amejibu sawasawa.

Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye nguvu na uaminifu, azilinde nyumba zetu na fitina za dhahiri na za siri, na amrehemu kila aliyepoteza roho yake kwa sababu ya siasa zetu. Amin. Panapo majaliwa, juma lijalo tutarudi katika haki za jirani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.